Kengele Katika Wimbo wa Nne

Karatu,
11 Februari 2024

Kwako kaka yangu Parmuat,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama yetu Yeyo pia, na kwamba ule mguu wake mkaidi umeanza kumtii. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Hilari bado anaendesha gari la loji. Juzi alirudi kutoka kreta na wageni sita wakiwa na matope hadi kwenye nyusi, na kila nikimwuliza ilikuwaje anaanza kuosha gari. Binti yetu Nailantei ameingia kidato cha kwanza na viatu vya Januari tayari vinambana. Mvua ilikuja, ikatutazama, ikaondoka. Mahindi ya wakwe zangu Endabash yamefika magotini na hayataki kuendelea.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu nimeiacha makusudi. Wewe ukipokea simu unaiweka sauti ya juu na boma zima linakaa kitako kusikiliza, hadi mbuzi. Hili nataka ulisome peke yako. Nampa Lekoko, kondakta wa basi la Wasso, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Unajua kazi yangu ni kuwakanda wageni migongo. Najua pia unavyowaambia watu kwamba dada yako anakula kwa kufinya Wazungu. Sawa, cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Mwezi wa kumi na mbili meneja mpya alileta muziki wa kupiga mle chumbani. Ni albamu moja yenye nyimbo saba, imetengenezwa kwa mashine na mtu mmoja wa nchi za baridi. Jina lake ukilitafsiri ni Ukungu wa Jumanne. Haina mwimbaji, haina ngoma, haina hata mahali pa kutikisa bega. Ni sauti tu, zinatanda, zinakaa, zinaondoka. Siku ya kwanza nilimwita fundi nikidhani spika imekufa.

Kumbe huko kwao ni muziki unaopendwa sana. Mgeni akiingia akausikia, anashika kifua na kusema, "Oh, mnao huu!" Halafu analala kitandani na kulia. Nimekanda migongo miaka tisa, nimezoea watu wanaokoroma, sikuzoea wanaolia. Mama mmoja wa Uholanzi alilia hadi taulo la uso likalowa, nikadhani nimemvunja ubavu. Nikamwuliza, "Madam, ni mimi?" Akasema hapana, ni marehemu mume wake, alikuwa akikausha vyombo namna hii. Namna ipi? Hakuna vyombo mle! Sasa meneja ameweka daftari mlangoni ili wageni waandike wamesikia nini. Mmoja kaandika theluji. Mwingine kaandika ngazi za nyumba ya bibi yake. Nikasema moyoni, hawa wenzetu wana mambo.

Nilisema hivyo hadi tarehe tatu mwezi huu. Katikati ya wimbo wa nne, sauti zote zikiwa zimeshuka chini, kuna kitu kinagonga mara moja, na nyuma yake kinagonga kidogo tena, kama kinajijibu. Nimeusikia wimbo huo labda mara mia. Siku hiyo mikono ikanisimama juu ya mgongo wa mgeni.

Kaka, ile ni kengele ya Baba. Ile iliyopasuka ubavuni, Baba akaifunga kwa waya wa shaba, ikawa inalia mara mbili. Ndiyo iliyokuwa shingoni mwa dume mwekundu mwaka ule wa ukame, 2009, mdogo wetu Sironka alipoondoka na ng'ombe kuelekea Malambo na asirudi, yeye wala ng'ombe hata mmoja, na wewe ukamtafuta siku ishirini ukarudi mikono mitupu.

Kwenye kasha la albamu imeandikwa kwamba ilirekodiwa mwaka 2019. Nimesoma mara tatu. Kama ile kengele ililia mwaka 2019, kuna mtu aliyeifunga kwenye shingo ya ng'ombe. Mtu huyo ni nani? Sijui hata ninachoogopa. Naogopa iwe ndiyo, naogopa isiwe.

Nikumbushe, ililia hivyo kweli, au miaka imenichanganya? Yeyo bado sijamwambia.

Ni mimi dada yako,
Seenoi


Wasso,
24 Machi 2024

Seenoi,

Takwenya. Marahaba. Barua yako imenifikia jana, wiki sita tangu uiandike. Mvua iliyowakimbia ninyi ilikuja kwetu ikabeba kalavati, basi halikupita. Lekoko aliiweka chini ya kiti pamoja na kuku wa mtu. Utajua mwenyewe inanuka nini.

Huku ni wazima. Mguu wa Yeyo uko vile vile, na yeye yuko vile vile, anautumia kama hauumi. Tumemaliza kuchanja mbuzi kata nzima, mikono yangu imejaa alama za pembe. Yule mtamba mwenye tumbo jeupe amenenepa vizuri. Mke wangu Sintamei anakusalimu na kukuuliza kitenge kile kimeishia wapi.

Kuhusu muziki, sina la kusema. Kengele za ng'ombe ziko nyingi na zote hupasuka. Hata kama ni ile, ng'ombe akifa porini kengele huokotwa na yeyote. Huyo unayemsema ameondoka zamani. Kanda migongo, usitafute watu ndani ya spika.

Kwa Yeyo usilifikishe. Hilo nakuomba kama mkubwa wako.

Parmuat


Karatu,
9 Aprili 2024

Kwako kaka Parmuat,

Shikamoo. Kitenge cha Sintamei kiko kwenye mzigo huu, mwambie alikuwa na haki ya kununa. Nailantei ameshika nafasi ya nne darasani na anatembea kana kwamba ameshika ya kwanza. Mvua imerudi, wakwe zangu wanapalilia kwa kukimbizana na magugu.

Nimeisoma barua yako, harufu ya kuku na yote. Ukasema kengele huokotwa. Vizuri. Basi aliyeiokota anajua dume mwekundu aliangukia wapi, na pale alipoangukia dume, mdogo wetu hakuwa mbali. Kwako hilo ni jambo dogo?

Lakini sikutaka kuwa mjinga peke yangu. Nikawaita wenzangu mmoja mmoja wasikilize wimbo wa nne bila kuwaambia kitu. Marsela anayefua mashuka, mtu wa Mbulu, alisikiliza akiwa amesimama na ndoo mkononi. Akasema ni jiwe la kusagia la mama yake, na kile kidogo cha pili ni bangili ya mama ikigonga jiwe. Akaweka ndoo chini akakaa juu yake. Hilari akasema ni lori linapanda mlima wa Rhotia kwa gia ya kwanza, hakuna zaidi, ila alipomaliza kusema aliomba nirudie. Joshua wa jikoni hakusikia chochote, akauliza kama kuna mwingine wenye maneno.

Kwa hiyo nimechanganyikiwa, kaka. Kama Marsela amesikia bangili, na yule mama wa Uholanzi vyombo, huenda na mimi nimejitengenezea kengele. Nalala na wazo hilo. Kisha naingia kazini, wimbo unafika pale, na ni kengele ya Baba, hakuna mjadala. Nakutumia wimbo wenyewe kwenye memori kadi, iko ndani ya bahasha kwenye kipande cha plasta. Sikiliza peke yako, kwa spika za masikioni. Wewe ndiye uliyeijua ile kengele kuliko sote, uliifuata malishoni miaka kumi.

Sasa lile jingine. Usinipige. Yeyo alinipigia Jumapili akaniuliza mbona sauti yangu imepauka. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mafua, nikajikuta nimeshasema yote. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Sironka anasikika wapi?" Nikamwambia, Yeyo, si yeye, ni kengele. Akasema, "Kengele haitembei peke yake."

Nisamehe. Sijui kama nimefanya jema au nimeharibu.

Dada yako,
Seenoi


Wasso,
12 Mei 2024

Seenoi,

Tumezima kiu ya mvua na sasa tuna kupe. Watoto wazima. Sintamei amevaa kitenge tangu kilipofika, hajakivua.

Umeniletea nini nyumbani?

Ile nyumba ndogo ya aliyeondoka, iliyoegemea upande, Yeyo ameipiga samadi upya kwa mikono yake, na mguu ule. Kibuyu unakijua, kile anachomimina maziwa kila jioni na kila asubuhi anawapa watoto wayamalize. Sasa viko viwili, eti mtu akitoka mbali huwa na kiu. Amemchagua yule mtamba mwenye tumbo jeupe kwa ajili ya harusi ya huyo anayemngoja. Amenituma Wasso nikamnunulie wembe mpya, kwa sababu vijana wa rika la mdogo wetu wote walinyolewa na mama zao siku ya sherehe ya kutoka umorani, na kichwa kimoja tu hakikunyolewa. Wembe nimeununua. Ningesemaje?

Anakwenda barabarani na fimbo yake kuwauliza madereva nchi ya huyo mtu wa muziki iko upande gani, na kama basi linafika. Watu wanamjibu kwa upole. Upole wao unaniumiza kuliko kama wangemcheka. Jana aliniambia, "Na wewe Parmuat ukamtafute tena, safari hii utazame vizuri."

Kadi uliyotuma imepotea. Nadhani ni mbuzi. Usitume nyingine.

Mpigie Yeyo umwambie ulikosea. Mwambie ulisikia vibaya. Wewe ndiye uliyeuwasha huu moto, uuzime. Huyo mtu hayupo kwenye spika.

Parmuat


Karatu,
26 Mei 2024

Kaka Parmuat,

Shikamoo. Sisi ni wazima.

Nilianza kufanya ulivyoniagiza. Nilishika simu nimpigie Yeyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba meneja aniandikie barua pepe kwa yule mtengeneza muziki, nimwulize ile sauti aliitoa wapi, nikaona ni vizuri ningoje jibu kwanza. Nikiwa nangoja nikaisoma tena barua yako, na kuna kitu kikanikwaruza, sikukijua ni nini. "Huyo mtu." "Huyo unayemsema."

Nina mkebe wa biskuti ambamo nimeweka barua zako zote tangu nilipokuja Karatu mwaka 2010, enzi zile kule kwetu hakukuwa na mtandao. Ziko kumi na moja. Nimezisoma zote Jumamosi, Hilari akidhani naumwa. Umeandika kuhusu Yeyo, kuhusu ng'ombe mmoja mmoja kwa jina lake, kuhusu jino la Sintamei. Ukifika kwake unaandika "mdogo wetu," "yule," "aliyeondoka."

Yeyo anamtaja Sironka kila siku ya Mungu. Mimi namtaja. Watoto wako, ambao hawajawahi kumwona, wanamtaja wakigombania maziwa ya kibuyu chake. Tunamtaja kwa sababu hatujui. Katika boma zima ni wewe tu ambaye hujalitoa jina hilo mdomoni tangu siku uliyorudi kutoka kumtafuta, na mimi nimekaa miaka kumi na tano bila kuona. Nani kwetu huwa hatajwi, kaka? Si mimi wa kukufundisha. Aliyekufa jina lake huachwa lilale.

Sikuulizi kitu. Nakuomba jambo moja dogo. Chukua karatasi, andika jina la mdogo wetu, mara moja tu, umpe Lekoko. Usiandike kingine chochote. Nikiliona kwa mwandiko wako, nitampigia Yeyo na kumwambia masikio yangu yameoza, na sitazungumzia kengele tena hadi nife.

Seenoi


Wasso,
30 Juni 2024

Seenoi,

Nimekaa na karatasi wiki tatu. Mara tatu nimeshika kalamu, mara tatu mkono umekataa. Basi umeshajibiwa.

Asubuhi ile alikuwa na homa. Yeyo aliniambia pale mbele ya zizi, wewe ulikuwa mtoni, "Huyu asiende, mwili wake ni jiko." Baba alikuwa ameshatuacha, mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa boma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha mzee wa baraza. Nikasema homa ukitembea nayo inaisha. Nikasema mbele yake, ili asikie. Akachukua fimbo akaenda. Hakubisha, unajua hakuwa mbishi.

Sikumtafuta siku ishirini. Nilimtafuta siku tisa. Siku ya tisa wachungaji wawili wa Malambo walinipeleka alipo. Alikuwa chini ya mgunga, amejifunika shuka hadi kichwani, vile alivyokuwa analala. Ng'ombe walikuwa wamelala kumzunguka, wamekufa wote, isipokuwa dume mwekundu aliyekuwa bado anapumua, na kila akipumua kengele inagusa jiwe. Nilikaa naye hadi akaacha. Kisha nikamfunika mdogo wetu kwa mawe. Ilinichukua nusu siku, kwa sababu mawe yako mbali na pale.

Siku kumi na moja zilizobaki nilikaa Malambo nikijifunza namna ya kusema. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Yeyo akanipokea langoni akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema, "Sijamwona." Sijui ilitoka wapi. Nilidhani nitalirekebisha kesho yake. Kesho yake akamimina maziwa kwenye kibuyu, nikashindwa. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana.

Kadi haikuliwa na mbuzi. Niliiweka kwenye simu nikaenda kusikiliza nyuma ya josho, mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Nimeusikiliza ule wimbo wa nne mara nne. Kengele sikuisikia, Seenoi, na masikio yangu ni mazima. Nilisikia mawe. Jiwe juu ya jiwe, polepole, hadi mwisho. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo.

Kengele ya Baba iko kwenye sanduku langu la bati, ndani ya sweta la kijivu. Haijatoka humo tangu siku niliyorudi. Huyo mtu wa baridi hakuipata popote.

Wewe ni mdogo kwangu lakini nakuuliza wewe. Nifanye nini?

Parmuat


Karatu,
14 Julai 2024

Kaka Parmuat,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za mvua.

Jibu la yule mtengeneza muziki lilitangulia barua yako kwa siku moja. Ni mtu mpole. Anasema ile si kengele. Ni bomba la kupitishia maji ya moto nyumbani kwake. Alikuwa hana la kufanya asubuhi ya Jumanne moja akaligonga kwa kijiko, na mashine ikaivuta ile sauti. Anasema watu wengi wanamwandikia. Mzee mmoja wa Brazili alimwapia kwamba ni kengele ya shule yake, akataka kujua nani alimpa ruhusa. Nilicheka, kaka. Nilicheka siku nzima kwa aibu, nikasema kesho nampigia Yeyo. Kesho yake Lekoko akaniletea bahasha yako.

Nimekukasirikia hadi viganja vimekuwa baridi, mgeni mmoja kaniuliza kama nimeshika barafu. Miaka kumi na tano unakaa pale unamtazama mama yako akimimina maziwa. Mimi nilipokuwa na mimba ya Nailantei niliota kwamba amerudi, nikakuandikia, ukanijibu ndoto ni ndoto, nenda hospitali ukapimwe damu! Ulikuwa na kengele sandukuni. Halafu nakuona pale Malambo peke yako, unabeba mawe kutoka mbali, na nakuhurumia, na kule kukuhurumia kunanikasirisha zaidi. Sijui nianze na lipi.

Umeniuliza ufanye nini. Unajua. Mwambie. Usimwite mchungaji wala wazee, usimtangulize Sintamei. Wewe na Yeyo. Nilitaka kupanda basi nije nikae pembeni yako, nimeghairi. Nikija nitalia mimi kwanza, na wewe utapata pa kujificha. Nitakuja ukishamaliza.

Usiseme kwamba nimekulazimisha. Mwambie pia kuhusu homa, maana hilo ndilo ulilokuwa unalificha hasa.

Dada yako,
Seenoi


Wasso,
18 Agosti 2024

Seenoi,

Takwenya. Nimemwambia.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya kukamua. Nilitoa kengele kwenye sweta nikaiweka mapajani mwake. Aliitambua kabla haijatulia, akaishika kwenye ule waya wa shaba. Nikasema yote, na homa nikaisema. Hakulia. Aliniuliza mambo matatu: alikuwa amefunikwa, alilala upande gani, na kibuyu chake cha maji kilikuwa na kitu. Nikamjibu: ndiyo, upande wa kulia, hapana. Aliporudia hilo la tatu sauti yake ilibadilika.

Kisha akaniambia nikae chini. Nilijua atanilaani, nikakaa. Akaingia ndani akatoka na wembe ule mpya na maji yenye maziwa kwenye bakuli. Akaninyoa. Alininyoa polepole kuanzia mbele, vile mama wanavyowanyoa vijana siku ya sherehe, na hakunikata hata mahali pamoja. Mpaka leo sijui. Labda ni kwa msiba. Labda alikuwa anamnyoa yule juu ya kichwa changu. Labda ananiadhibu na mimi ndiye nisiyeelewa. Ninashindwa kumwuliza, na yeye hasemi. Alipomaliza alimwita Sintamei amnyoe yeye.

Jioni ile alikamua kama kawaida. Vibuyu vyote viwili aliviosha, akavigeuza midomo chini. Kesho yake watoto walisimama pale wanangoja maziwa yao ya asubuhi, hakuna aliyejua awaambie nini.

Kengele hakunirudishia. Ameifunga kwa yule mtamba mwenye tumbo jeupe. Sasa ndiye anayetangulia mbele ya ng'ombe, na ninaisikia kuanzia malisho hadi joshoni, siku nzima. Kichwa kimeanza kuota nywele.

Jina halitaji tena. Juzi mwanangu mdogo alilitaja, Yeyo akamwekea kidole mdomoni.

Njoo sasa. Na uniambie kitu kimoja, maana nimeusikiliza tena ule wimbo wako na mawe bado yapo. Wewe bado unaisikia?

Parmuat


Karatu,
8 Septemba 2024

Kwako kaka yangu Parmuat,

Shikamoo. Nilifika salama, ila kiti changu kilikuwa juu ya tairi na Lekoko alinichekesha njia nzima ili nisilie. Asante kwa zile siku nne. Hatukusema sana, lakini ulinisindikiza hadi barabarani na ukabeba mzigo wangu, jambo ambalo hujalifanya tangu nizaliwe. Nailantei anasema kipara hiki cha msiba kinanipendeza. Hilari kila akipita anakigusa.

Bado nina hasira, usidhani imeisha. Inakuja na kuondoka. Yeyo alinikumbatia, akaniuliza habari za mahindi ya Endabash, akanipa siagi ya kuja nayo. Na mimi sijui ana nini moyoni.

Uliniuliza swali nikakwambia nitakujibu kwa barua. Siku ya pili nilisimama zizini ng'ombe wakirudi, nikaisikia kengele ya Baba kwa masikio yangu mwenyewe baada ya miaka kumi na tano. Kaka, haifanani na ile ya wimboni. Ni nzito zaidi, na ule mlio mdogo wa pili karibu hausikiki. Kama ningekuwa na kumbukumbu nzuri, nisingekuandikia barua ya kwanza, na kibuyu kingekuwa bado kinajazwa. Hilo nimelifikiria basini hadi kichwa kimeuma.

Jumatatu nikarudi kazini. Chumba kilikuwa hakina mgeni, nikauwasha wimbo wa nne nikalala mwenyewe kitandani, kifudifudi, na uso kwenye lile tundu la kupumulia. Najua ni bomba. Najua ni kijiko. Ukafika pale, ikagonga, ikajijibu, na ilikuwa ni kengele ya Baba inatoka Malambo. Nililia kama wageni.

Nilipotoka nikaona lile daftari mlangoni. Miezi yote hii sikuwahi kuandika kitu humo, ni la wageni. Nikashika kalamu. Niliandika herufi ya kwanza ya jina, nikakumbuka, nikaikata kwa mstari. Nikaandika pembeni yake: mdogo wangu, anarudi na ng'ombe.

Marsela alikuja kuchukua mashuka akasoma. Akaniuliza ile herufi niliyoikata ilikuwa ya nini. Nikamwambia nilikosea.

Msalimie Yeyo. Mwambie siagi imefika bila kuyeyuka.

Dada yako,
Seenoi